Maganda mia moja na dawa ya madele

Nakato na Kyalo, meza ile ya karakana sasa ni yenu. Naandika haya nikiwa nyumbani Kitui, miguu juu ya stuli, kwa sababu daktari ameniambia magoti yangu yamechakaa. Sikumweleza kwamba yamechakaa kwa kuokota maganda ya risasi kwenye mchanga wa Qatar. Pengine angeniandikia dawa za aina nyingine.

Mlinisumbua kwa muda mrefu niwaandikie jinsi kazi inavyofanywa. Jinsi ya kuifanya iko ukutani, kwa mwandiko wa Okello, na nyote mnajua kusoma. Mimi nitaandika yale ambayo hayako ukutani, pamoja na moja ambalo liko pale lakini hamjui limefikaje.

Nilishuka Doha miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kwenye uwanja wa ndege wa zamani, na mkataba uliosema mimi ni mfanyakazi wa nyumbani. Kitambulisho changu cha ukaazi kiliendelea kusema hivyo hivyo mpaka naondoka. Nilipelekwa moja kwa moja Umm Salal, kwenye nyumba yenye shamba la mitende nyuma na mbuzi wanne wasio na adabu. Mwenye nyumba tulimwita Baba, kama wafanyakazi wanavyowaita mabwana wa nyumba kila mahali huko. Mama yake alikuwa mzaliwa wa Unguja, naye Baba alilelewa huko hadi alipoota ndevu, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alipenda kunikosoa.

"Wakamba mnakula maneno," aliniambia siku ya kwanza. "Sema pole pole, tukusikie."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa madele ya kahawa, yale mabirika ya Kiarabu yenye mdomo mrefu. Yalikuwa tisa, ya shaba ya manjano, yamepangwa kwa ukubwa katika sebule ya wageni wa kiume, na hakuna aliyekuwa akimiminia kahawa kwenye hata moja. Kahawa yenyewe ilikaa kwenye chupa ya chai ya kawaida. Madele yalikuwa ya kutazamwa. Nilipewa kitambaa na kopo la dawa ya kung'arishia ambayo harufu yake iliniwasha pua hadi machozi yakatoka, nikayasugua mpaka ungeweza kujitengeneza nywele mbele yake. Naomba muikumbuke dawa hiyo.

Baba aliingia, akachukua dele dogo, akaligeuza chini ya taa. Akaninyooshea mikono niweke yangu juu yake, akaikagua kidole kimoja kimoja. Mimi nilidhani anatafuta kitu kilichoibwa. Kumbe alikuwa ameona mkono wa kazi.

"Kesho uende kwa Okello," akasema.

Okello alikuwa Mganda wa Gulu. Aliletwa kulinda lango, lakini lile lango halikuwahi kuvamiwa na mtu isipokuwa mbuzi, basi Baba akampa karakana iliyo nyuma ya banda la magari. Nilimkuta ameketi mbele ya beseni lililojaa vikopo vyembamba vya shaba vilivyokuwa vyeusi midomoni.

"Dada, unajua hii ni nini?" akaniuliza.

"Risasi."

"Hapana. Hii ni nguo ya risasi. Risasi yenyewe imesha kwenda. Sasa sisi tunafua nguo, ivaliwe tena. Kaa chini."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya kuajiriwa. Baba alikuwa mlenga shabaha wa masafa marefu, mwenye kibali na leseni zote zikiwa zimening'inizwa kwenye fremu utadhani picha za harusi. Kila ganda lililokwisha kupigwa kwenye bunduki yake lilikuwa limetanuka na kuchukua umbo la chemba ya bunduki ile, na ndiyo maana alilithamini kuliko jipya la dukani. Sisi tuliliandaa ganda. Baruti ilikuwa kwenye kabati la chuma, ufunguo shingoni mwake, na kuijaza ilikuwa kazi yake peke yake. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kugusa chembe ya baruti. Kanisani kule Doha, Ijumaa, akina mama waliposikia nasafisha maganda ya risasi, mmoja aliniombea nitoke jeshini.

Okello alifundisha kwa mikono kuliko kwa maneno. Alinionyesha kupanga maganda kwa maandishi madogo yaliyo kitakoni, kwa kuwa ya viwanda tofauti hayalingani unene. Alinionyesha kung'oa fataki, kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na pini, kisha kukwangua masizi mahali kilipokaa. Halafu maganda yanaingia kwenye pipa la kutikisa pamoja na kokwa za tende zilizosagwa. Wazungu huuziana maganda ya jozi, zile karanga kubwa za Ulaya, yaliyosagwa kwa kazi hiyo, lakini sisi tulikuwa na mitende ishirini na mashine ya kusagia chakula cha mbuzi. Pipa lilitikisika asubuhi nzima, na vyombo vya jikoni vikaitikia.

Wiki ya pili nilikwamisha ganda. Ili ganda lirudi kwenye kipimo, linapakwa mafuta ya sufi ya kondoo, kidogo sana, kisha linasukumwa ndani ya kalibu ya chuma kwa mashine yenye mkono mrefu. Ukipaka mengi, bega la ganda linabonyea. Ukipaka machache, linang'ang'ania ndani. Mimi nilipaka machache kwa kuogopa kupaka mengi. Nikavuta mkono wa mashine, kitako kikang'oka kidogo, ganda likabaki kwenye kalibu kana kwamba limezaliwa mle. Okello alitoboa, akatia uzi wa skrubu, akavuta kwa muda wa kutosha kupika githeri kutoka mahindi makavu. Alipomaliza, aliniwekea ganda lile lililoharibika mezani, mbele ya kiti changu, na likakaa pale mpaka alipoondoka nchini. Lingali kwenye droo ya kushoto, Kyalo. Usilitupe.

Lakini somo lenyewe lilikuwa waya. Okello alichukua spoku ya baiskeli, akainoa ncha, akaipinda kidogo sana kama ukucha. Akanifunga macho kwa leso.

"Ingiza ndani, mpaka chini. Sasa vuta pole pole, ukikwaruza ukuta. Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

"Ingine."

"Hakuna."

"Hii je?"

Karibu na kitako, kwa ndani, waya ulidumbukia kwenye mfereji mdogo ambao jicho lisingeuona kamwe. Nikamwambia. Akanifungua leso, akakata ganda lile katikati kwa msumeno, akanionyesha. Shaba ilikuwa imekonda pale, pande zote, duara kamili. Ukilipiga ganda kama hilo mara moja zaidi linaweza kukatika vipande viwili ndani ya bunduki, na moto wa baruti ukatafuta njia ya kurudi nyuma.

"Na nyuma kuna nini?" Okello akauliza.

"Komeo la bunduki."

"Na nyuma ya komeo?"

Nilikuwa nimemwona Baba akilenga. Hulaza shavu lake kwenye kitako cha bunduki, jicho likiwa upana wa kiganja tu kutoka pale komeo linapofungia. Tangu siku hiyo sikuwahi kupima ganda bila kuliona lile shavu, lenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri na kovu dogo la kunyolea.

Baba naye alikuwa na waya wake, umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Kabla ya kila safari ya uwanja wa shabaha nilimkabidhi sanduku, naye aliuliza swali lile lile: "Umepima?" Nikijibu ndiyo, alichukua waya wake na kupima maganda kumi mwenyewe, mbele yangu, akinitazama usoni badala ya kutazama ganda. Sikuchukia.

Mwaka wa tatu Okello alirudi Gulu. Alinipigia saluti ya utani langoni, akaniachia spoku yake. Nikabaki peke yangu na pipa, mbuzi na ukuta uliojaa maandishi yake. Niliipenda karakana ile, nasema wazi. Nilikuwa na dirisha moja, redio, na kazi ambayo mtu akiifanya vizuri hakuna kinachotokea. Agosti, unyevu ulipopanda mpaka kuta zikatoka jasho, nilikuwa natembeza trei za maganda kutoka chumba kimoja chenye kiyoyozi hadi kingine kama mama anayetafutia mtoto mahali pa kulala. Baba aliniona, akacheka, lakini hakunizuia.

Maganda yake ya mashindano yalikuwa mia moja. Yote ya kiwanda kimoja, ya toleo moja, yamepigwa mara sawa, yamepashwa moto shingoni pamoja ili shaba ilainike na kushika vizuri. Kila moja nililijua. Moja lilipopotea uwanjani nilipiga magoti mchangani mpaka nilipolipata. Nimepiga magoti nyuma ya mstari ule wa shabaha mara nyingi kuliko kanisani, Mungu anisamehe.

Sasa nifike pale penye aibu yangu.

Msimu mmoja Baba alirudi kutoka mashindano madogo amenuna. Wenzake walikuwa wamefungua masanduku yao, na maganda yao yaling'aa kwenye jua. Mmoja wao akamtania kwamba yake yanafanana na vijiko vya kibanda cha karak, ile chai ya maziwa ya barabarani. Alinisimulia akijifanya anacheka. Msimu huo huo kulikuwa na mashindano makubwa, wageni wanakuja kutoka nchi za jirani. Nikasema moyoni, hakuna mtu atakayemcheka Baba wangu tena kwa sababu ya kazi yangu.

Ganda halihitaji kung'aa. Likiwa safi linatosha, na Okello alikuwa amelisema hilo mara mia. Lakini mimi nilikuwa mtu wa madele. Nilienda sebuleni nikachukua kopo la dawa, nikamimina vifuniko vitatu kwenye zile kokwa za tende, nikatia maganda mia moja, nikawasha pipa. Yalipotoka, nilipiga makofi kwa furaha. Yaling'aa kama pete. Nilipima kila moja kwa waya, yote yakafaulu. Baba alipoyaona alisema "Mashallah" mara tatu, akauliza, "Umepima?", akapima yake kumi, kisha akakaa siku mbili akiyajaza.

Siku moja kabla ya mashindano, baada ya chakula cha mchana, nilimpigia Okello simu Gulu ili nijisifu. Nakumbuka nilikuwa nimesimama jikoni nikimenya vitunguu.

"Ulitumia nini?" akauliza.

"Dawa ya madele."

Nikasikia akivuta kiti.

"Okello?"

"Dada. Hiyo dawa inanuka namna gani?"

"Inachoma pua. Mpaka machozi."

"Ndiyo hiyo. Ni amonia. Amonia na shaba haziko marafiki. Dele halifanyi kazi, linakaa tu, haliwezi kuumia. Lakini ganda linavutwa na kubanwa kila siku. Amonia inaingia ndani ya shaba, inaipasua kidogo kidogo, na waya haiwezi sikia. Hata mimi siwezi sikia."

"Lakini nimeyapima yote."

"Mimi nasema waya haiwezi sikia! Bwana mkubwa amesha jaza?"

"Amejaza."

"Mwambie leo, dada. Si kesho. Leo."

Nilikata simu, nikamaliza kumenya kitunguu kile kimoja. Sijui kwa nini. Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Nikinyamaza, huenda kesho ikapita salama, risasi sitini za mashindano zikalia, na hakuna ambaye angejua. Nikisema, mashindano yake yameharibika na mimi narudi Kitui, kwa kuwa mfanyakazi wa nyumbani aliyetia sumu kwenye bunduki ya tajiri wake hapewi onyo la pili. Niliogopa sana kurudishwa. Lakini nililiona shavu.

Baba alikuwa sebuleni na wageni wake. Sisi wanawake wa kazi hatukuingia mle wakati wa wageni. Nilisimama mlangoni, aproni kiunoni, mikono ikinuka vitunguu, na mazungumzo yakakatika.

Alitoka akiwa na hasira. "Kuna nini? Nyumba inaungua?"

"Baba, usipige risasi zile kesho."

"Kwa nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na kopo, vifuniko vitatu na Okello. Niliongea haraka, nikila maneno kama anavyosema Wakamba tunavyofanya, na safari hii hakunikosoa. Uso wake ulipoa. Akaufunga mlango wa sebule nyuma yake, akatangulia karakanani.

Alitoa risasi moja kwenye sanduku, akaichomoa kichwa kwa mashine, akamwaga baruti kwenye kopo lake, akanipa ganda na koleo. "Libane shingo."

Nikabana. Lilijikunja tu, kama linavyopaswa.

"Jingine."

Likajikunja.

Tuliendelea hivyo, yeye akichomoa, mimi nikibana, mpaka wageni wake wakaaga kwa honi huko nje. Nilianza kutumaini. Nilifikiri pengine nimemsumbua bure, na pengine hilo lingekuwa kosa dogo. Katika ganda la arobaini na kitu, shingo ilikatika. Haikujikunja hata kidogo. Ilitoa mlio kama biskuti kavu, kipande kikaruka kikagonga dirisha.

Baba alikiokota, akakitazama, akakitia mfukoni.

"Endelea," akasema. "Yote."

Katika mia moja, matatu yalikatika. Tulikuwa tumeyatunza miaka ile yote, na jioni yakawa lundo la shaba iliyopondwa. Alisema, "Khalas," akazima taa, akatoka. Mimi nilienda chumbani nikapanga sanduku langu la safari. Halikuchukua muda.

Kesho yake alipiga kwa risasi za kiwandani alizonunua pale pale uwanjani, ambazo bunduki yake haikuwahi kuzionja, akamaliza karibu na mkia. Nilisikia gari likiingia alasiri. Nilikuwa nimekaa kitandani, sanduku miguuni, nimevaa viatu. Aliniita kutoka uani kwa sauti ile ile anayowaitia mbuzi.

Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni. Akaumwaga kwenye meza ya karakana. Maganda ya siku ile, bado meusi midomoni, yenye vumbi la mchanga.

"Wamenicheka wallahi mpaka wamechoka," akasema. Kisha akaniona viatu. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Baba. Kitui."

"Nani atafua hizi?"

Nililia, mbele yake, nikijifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya kondoo, nikanuka kondoo hadi usiku. Yeye alitazama dirishani akisubiri nimalize. Halafu akachukua kalamu, akaandika ukutani chini ya maandishi ya Okello, kwa herufi kubwa: DAWA YA MADELE NI YA MADELE. Ndiyo mwandiko ule mnaouona, ulioinama kulia, mliokuwa mkiniuliza ni wa nani.

Kokwa zote zilizoguswa na ile dawa nilizifukia shambani, mahali ambapo mbuzi hawafiki. Tulianza upya na yale maganda ya dukani. Na ilinichukua miezi kadhaa kugundua kitu. Nilikuwa namkabidhi sanduku, naye analipokea, anatoka. Hakuuliza swali lake. Hakugusa ule waya wa msumarini. Siku moja nikajipa moyo.

"Baba, siku hizi hupimi?"

"Waya wangu umepotea."

Ulikuwa ukining'inia kando ya sikio lake, mahali pale pale ulipokuwa siku zote. Sikumwonyesha.

Nanyi mlikuja baadaye, wakati Doha yote ilikuwa imefukuliwa kwa ajili ya Kombe la Dunia, na safari ya uwanja wa shabaha ikawa nusu yake ni kutafuta barabara ilihamishiwa wapi. Mnamjua Baba wa miaka hiyo, mkono ukitetemeka, akipumzisha bunduki juu ya mfuko wa mchanga na kulaumu upepo hata siku isiyo na upepo. Nakato, ulinifanya nicheke ulipomwambia upepo umelala. Nawapenda nyote wawili, ingawa Kyalo anapaka mafuta mengi.

Wiki yangu ya mwisho aliniambia nimsindikize uwanjani. Nilikuwa nimeandaa maganda ishirini tu, kwa kuwa sasa bega lake halikustahimili zaidi. Niliyapima mara mbili kwa spoku ya Okello, ambayo sasa iko kwenye droo ya kulia. Nilisimama nyuma yake nimevaa vifuniko vya masikio. Alitia risasi ya kwanza, akafunga komeo. Nami kwa mazoea ya zamani, au kwa sababu nilikuwa naondoka na nilitaka kusema kitu, nikamwinamia.

"Baba, nimepima."

"Nani kakuuliza?" akasema, akalaza shavu lake kwenye kitako cha bunduki.